Fundi wa Piano na Chombo cha Bei Nafuu Kutoka Ng'ambo

Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka 100, ni desturi njema kuwakumbuka wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na walimu wa kwaya. Ni nadra kumkumbuka fundi aliyeitwa siku ya Jumamosi, akafungua kinanda, akaondoa vumbi na kiota cha panya, ili Jumapili nyimbo zipate kuimbwa. Hata hivyo muziki wa kanisa umetegemea sana mikono ya watu wa namna hiyo, tangu siku za vinanda vya mivukuto vilivyoletwa na wamisionari hadi vinanda vya umeme vya siku hizi.

Karibu vyombo hivyo vyote vilitoka ng'ambo, na vingi vilichaguliwa kwa sababu bei yake iliwezekana. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila usharika umewahi kukutana nalo: je, chombo cha bei nafuu kinastahili saa na ujuzi wa fundi? Au fundi ana haki ya kukitazama, kutikisa kichwa na kwenda zake?

Swali hilo lina historia ndefu katika kazi ya mafundi wa piano. Makala hii inaeleza kwa ufupi jinsi mafundi wa Ulaya na Marekani walivyozipokea piano za bei nafuu zilizoingizwa kutoka nchi nyingine, dharau yao ilitoka wapi, na kwa nini katika kila kizazi iliwapasa kuitafakari upya.

Kazi ya Fundi

Ili kuelewa malalamiko ya mafundi, yafaa kwanza kujua piano ni kitu cha namna gani. Piano ya kawaida ina vibao 88 vya kubonyeza na nyuzi za chuma zipatazo 230. Nyuzi hizo zikikazwa zote, mvuto wake kwa jumla hufikia tani 18 hadi 20. Uzito huo hubebwa na fremu ya chuma cha kusubu. Kila uzi umezungushwa kwenye kigingi cha chuma, na kigingi hicho kimeshikwa na ubao mgumu kwa nguvu ya msuguano tu. Nyuma ya nyuzi kuna ubao mpana na mwembamba wa mti wa sprusi, uitwao ubao wa sauti, ambao ndio unaoikuza sauti.

Mbao huvimba hewa inapokuwa na unyevu na husinyaa hewa inapokuwa kavu. Kwa hiyo piano hupoteza ulinganifu wa sauti majira yanapobadilika, hata kama haikupigwa. Fundi hulazimika kuja mara kwa mara kuituni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi moja baada ya nyingine. Kadhalika hurekebisha mitambo ya ndani: kimo cha vibao, umbali wa nyundo na nyuzi, na ulaini wa sufi iliyoshindiliwa juu ya nyundo.

Piano ya bei nafuu humwongezea fundi mzigo huo. Ikiwa mbao hazikukaushwa vya kutosha kiwandani, ubao wa vigingi hupasuka na vigingi hulegea. Ikiwa kiwanda kilitaka kupunguza gharama, marekebisho ya mwisho ya mitambo huachwa, na fundi wa mbali ndiye anayetarajiwa kuyamaliza. Nyuzi mpya za piano yoyote huendelea kunyooka kwa miezi mingi, na sauti hushuka. Fundi akiikuta imeshuka sana, humlazimu kuzikaza nyuzi zote kwanza, kisha aanze kutuni upya, maana kukaza upande mmoja hulegeza upande mwingine.

Malipo nayo ni tatizo. Aliyenunua piano ya bei nafuu alifanya hivyo kwa sababu hakuwa na fedha nyingi, naye hatarajii gharama ya matengenezo ikaribie bei ya chombo chenyewe. Fundi akimaliza saa nne badala ya mbili, haoni wepesi wa kudai malipo ya saa nne. Dharau ya mafundi kwa piano hizo, kabla ya kuwa jambo la kiburi, ilikuwa hesabu ya mtu anayeishi kwa kazi ya mikono yake.

Kutoka Berlin Hadi London

Bartolomeo Cristofori alipobuni piano mjini Firenze, Italia, karibu na mwaka 1700, chombo hicho kilikuwa kitu cha ikulu. Katika karne ya 19 viwanda vilikifikisha kwenye nyumba za walimu, makarani, wenye maduka na hatimaye wafanyakazi. Uingereza ilikuwa kwa muda mrefu kiongozi wa biashara hiyo. Lakini kuanzia miaka ya 1880 piano kutoka Ujerumani ziliingia London kwa wingi. Baadhi zilikuwa za watengenezaji wenye heshima kubwa, kama Bechstein wa Berlin na Blüthner wa Leipzig, ambao wote wawili walianza kazi mwaka 1853. Msomaji atakumbuka kwamba Leipzig ndio mji uleule ambao chama chake cha misheni kilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893.

Nyingine zilikuwa piano za kawaida za viwanda vya Berlin, za bei ndogo. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, iliyodai bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka. Wengi walitumaini kwamba maneno ya kuonyesha kuwa kitu kimetengenezwa Ujerumani yangekuwa onyo kwa mnunuzi. Matokeo yakawa kinyume. Wajerumani walikuwa wamechukua ubunifu wa Wamarekani, yaani fremu nzima ya chuma na nyuzi zinazopishana, wakati viwanda vingi vya London viling'ang'ania mtindo wa zamani. Piano iliyodharauliwa kwa bei yake mara nyingi ilishika sauti vizuri kuliko ile ya nyumbani iliyosifiwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikatiza biashara hiyo. Mwaka 1915 Uingereza ilitoza ushuru wa theluthi moja ya thamani juu ya vyombo vya muziki vilivyotoka nje, na ukumbi wa Bechstein uliofunguliwa London mwaka 1901 ukabadilishwa jina mwaka 1917 na kuitwa Wigmore Hall. Lakini piano za Kijerumani zilizokwisha kuingia majumbani zilibaki, na mafundi wa Kiingereza waliendelea kuzihudumia kwa miongo mingi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba baadhi ya mafundi bora walijifunza kazi kwa vyombo ambavyo wengine waliviona takataka. Mfaransa Claude Montal, aliyekuwa kipofu, alijifunza ufundi huo katika shule ya vipofu ya Paris, yeye na mwenzake wakifungua na kukarabati piano kuukuu. Mwaka 1836 alichapisha kitabu cha kufundisha kutuni. Njia aliyoifungua ilifuatwa na vipofu wengi wa Ulaya, na chuo cha vipofu kilichoanzishwa London mwaka 1872 kiliifanya kazi hiyo kuwa mojawapo ya masomo yake makuu.

Fundi wa Hamamatsu

Mwaka 1887, mwaka uleule wa sheria ya Uingereza, jambo dogo lilitokea katika mji wa Hamamatsu nchini Japani. Kinanda cha mivukuto kilichotoka Marekani kiliharibika katika shule ya msingi. Akaitwa Torakusu Yamaha, fundi aliyezoea kutengeneza saa na vifaa vya hospitali. Alikifungua, akaona kasoro, akakitengeneza. Kisha akajiambia kwamba kitu kama kile kingeweza kutengenezwa na Wajapani wenyewe kwa gharama ndogo zaidi.

Pamoja na fundi mwenzake Kisaburo Kawai alitengeneza kinanda cha kwanza. Wakakibeba mabegani kwa mti, wakavuka milima ya Hakone hadi Tokyo, mwendo wa kilomita zipatazo 250, ili kikaguliwe na wataalamu wa chuo cha muziki. Jibu lilikuwa kwamba umbo lake ni zuri, ila sauti hazikulingana. Yamaha hakurudi nyumbani kwa hasira. Alibaki Tokyo karibu mwezi mmoja akijifunza nadharia ya ulinganifu wa sauti, kisha akatengeneza kinanda cha pili, nacho kikakubaliwa.

Kampuni yake ilisajiliwa mwaka 1897, na piano yake ya kwanza ya kusimama ikatoka mwaka 1900. Mmoja wa wafanyakazi wake, Koichi Kawai, alianzisha kampuni yake mwenyewe katika mji huohuo mwaka 1927. Hivyo mji ulioanza kwa kutengeneza kinanda kilichovunjika cha kigeni ukawa kitovu cha piano za Japani.

Marekani Baada ya Mwaka 1960

Marekani ilikuwa imetengeneza piano zaidi ya 360,000 katika mwaka mmoja wa 1909. Redio, gramafoni na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 viliiangusha biashara hiyo. Ili kuinusuru, viwanda vya Marekani vilibuni piano fupi ya bei nafuu iitwayo spineti, ambayo mitambo yake imeshushwa chini ya usawa wa vibao. Mafundi waliichukia, kwa sababu kuitoa mitambo hiyo kwa matengenezo madogo kulikuwa kazi ndefu. Kwa hiyo, kabla ya piano za Asia kufika, fundi wa Marekani alikwishajua uchungu wa chombo cha bei nafuu kilichotengenezwa nchini mwake.

Mwaka 1957 vyama viwili vya mafundi wa Marekani viliungana na kuunda Piano Technicians Guild, chama kinachotoa mitihani na kulinda hadhi ya kazi hiyo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1960, Yamaha ilifungua kampuni yake mjini Los Angeles. Piano za Kijapani ziliuzwa kwa bei ya chini kuliko za Kimarekani za ukubwa uleule, na mafundi wengi walizipokea kwa mashaka. Mashaka hayo yalikuwa na sababu. Baadhi ya piano za mwanzo zilitengenezwa kwa mbao zilizofaa hewa yenye unyevu ya Japani. Zilipowekwa katika nyumba za Marekani, ambazo wakati wa baridi hupashwa moto hadi hewa ikakauka kabisa, mbao zilisinyaa, zikapasuka na viungio vikaachana.

Wajapani walijibu kwa namna iliyowashangaza wengi. Walisikiliza malalamiko, wakajifunza kukausha mbao kulingana na nchi chombo kinakopelekwa, wakawaita mafundi wa Marekani kwenye mafunzo. Fundi aliyekuwa akilalamika alipewa vipuri na maelekezo, na baada ya muda akaanza kuzisifu piano hizo kwa kuwa zilifanana moja na nyingine na kazi yake haikumpa mashaka. Viwanda vya Marekani navyo vilikimbilia serikalini, na mwaka 1970 Rais Richard Nixon aliidhinisha hatua za ushuru za kuwalinda. Hazikutosha. Kufikia wakati huo Japani ilikuwa ikiipita Marekani kwa idadi ya piano zinazotengenezwa.

Mwaka 1981 mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, alinunua piano kubwa ya Yamaha mjini New York na kuitumia kurekodi upya kazi ya Johann Sebastian Bach iitwayo Goldberg Variations. Jina ambalo miaka 20 kabla lilikuwa la chombo cha mashaka sasa lilisikika katika kazi ya mtunzi aliyekuwa mwalimu wa muziki katika makanisa ya Kilutheri ya Leipzig.

Baadaye likaja suala la mitumba. Wafanyabiashara walianza kununua piano zilizokwisha kutumika Japani na kuziuza Marekani bila kupitia kampuni yenyewe. Yamaha ilionya kwamba piano zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huenda zisivumilie hewa kavu ya Marekani. Mafundi waligawanyika. Wengine walikataa kuzigusa wasije wakalaumiwa zikipasuka. Wengine walisema wamezihudumia kwa miaka mingi bila tatizo, na kwamba jambo la maana ni kuikagua kila piano kwa hali yake na kuangalia unyevu wa nyumba inamowekwa. Mabishano hayo hayakumalizwa kwa neno moja, lakini yaliwafundisha mafundi kuulizana juu ya chombo kilichoko mbele yao, si juu ya jina lake tu.

Korea na China

Yaliyowapata Wajapani yaliwapata Wakorea baadaye. Kampuni za Young Chang, iliyoanzishwa mwaka 1956, na Samick, iliyoanzishwa mwaka 1958, zilianza kuuza kwa wingi Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Piano za mwanzo zilisumbua kwa mbao zisizokauka na mitambo iliyohitaji marekebisho mengi. Kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimekubalika kuwa vyombo vya kati vinavyofaa familia na shule. Lawama zikahamia China.

Kiwanda cha Pearl River mjini Guangzhou kilianza mwaka 1956. Piano za Kichina zilizofika Marekani katika miaka ya 1980 zilikuwa dhaifu kweli, na baadhi ya mafundi waliapa kutozigusa tena. Lakini kiwanda hicho kilinunua mashine mpya, kikaajiri washauri wa kigeni, na mwaka 1995 kikaingia ubia na Yamaha. Katika miaka ya 2000 hata Steinway ya New York, jina kubwa kuliko yote katika biashara hiyo, iliagiza kutoka kwake piano za bei nafuu zenye jina la Essex. Mwaka 2016 Pearl River ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Schimmel, kampuni ya Kijerumani iliyoanza Leipzig mwaka 1885. Mwanafunzi aliyechekwa amekuwa mwenye nyumba ya mwalimu.

Hoja za Pande Mbili

Katika historia hii yote mafundi wamekuwa na misimamo miwili, na kila mmoja una haki yake.

Wa kwanza ni wa wale wanaokataa. Wanasema kwamba fundi akikiganga chombo kisichogangika, humdanganya mwenye mali. Atapokea malipo leo, sauti itashuka baada ya wiki tatu, na lawama zitamrudia yeye badala ya kiwanda. Tena mtoto anayejifunza kwa piano isiyoshika sauti huharibika sikio, na mzazi hudhani mtoto hana kipaji. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Ipo piano ambayo neno la haki juu yake ni kwamba isinunuliwe.

Wa pili ni wa wale wanaohudumu. Wanajibu kwamba tofauti kati ya piano ya bei nafuu na ya bei kubwa, ikiwa mbao na fremu ni nzima, mara nyingi ni saa za kazi ambazo kiwanda kilizibana. Fundi akizirudisha saa hizo kwa kurekebisha vibao, kulainisha nyundo na kutuni mara tatu au nne katika mwaka wa kwanza, chombo hubadilika kuliko mwenyewe alivyotarajia. Wanakumbusha pia kwamba fundi akiikataa piano hiyo, tajiri hapungukiwi kitu. Anayeumia ni familia, shule au kanisa lisiloweza kununua nyingine.

Mafundi waliokomaa wamejifunza kuunganisha misimamo hiyo. Huikagua piano kabla ya kuahidi lolote. Husema gharama wazi tangu mwanzo. Hueleza kinachowezekana na kisichowezekana. Kisha, wakikubali kazi, huifanya kwa uangalifu uleule wanaoutumia kwa piano ya ukumbini. Fundi wa namna hiyo huheshimiwa na pande zote, kwa kuwa maneno yake juu ya chombo hayategemei bei wala nchi kilikotoka.

Funzo kwa Sharika

Historia hii ina maana kwa sharika za Tanzania, ingawa wengi wa washarika hawajaimiliki piano. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, nyanda za juu hubadilika kati ya masika na kiangazi, na mchwa na panya hawabagui chombo cha bei kubwa wala ndogo. Watengenezaji wa zamani walilijua hilo. Kwa nchi za joto walitengeneza vyombo maalumu vilivyofungwa kwa skrubu za shaba pamoja na gundi, maana gundi peke yake huachia. Chombo cha kawaida kikiletwa bila matunzo huharibika upesi, hata kikiwa zawadi ya marafiki wenye nia njema.

Vinanda vya umeme vya leo vina magonjwa mengine, lakini swali ni lilelile. Raba ndogo zilizo chini ya vibao huchakaa na sauti hukatika. Adapta isiyo ya kipimo chake, au umeme unaopanda na kushuka, huunguza kinanda kwa dakika moja. Mara nyingi anayeitwa ni fundi wa redio wa mtaani. Akisema kwamba kitu hicho ni cha Kichina na hakitengenezeki, kwaya hubaki bila chombo kwa mwaka mzima. Akikifungua na kusafisha raba, huenda kazi ikaisha jioni hiyohiyo.

Hivyo kamati ya muziki inayopanga kununua chombo yapaswa kupanga mambo mawili pamoja: bei ya kukinunua na fungu la kila mwaka la kukitunza. Yapaswa pia kumtafuta fundi kabla chombo hakijaharibika, imsikilize anaposema ukweli usiopendeza, na imlipe kwa saa alizofanya kazi. Kijana wa usharika mwenye sikio na mikono mizuri aruhusiwe kujifunza kwa kinanda kibovu kilichotupwa stoo, kama alivyojifunza Montal kwa piano kuukuu na Yamaha kwa kinanda cha shule.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sharika nyingi zimenunua chombo kipya kila baada ya miaka michache kwa fedha ambazo zingetosha kukitunza cha kwanza. Usharika unaoingia katika miaka 100 ya pili una nafasi ya kufanya vingine: kupokea chombo kwa shukrani, kikiwa cha bei yoyote, na kumheshimu anayekifanya kiimbe.